Unyonge wa Msukumo wa Umeme: Hoja kutoka Bandari ya Kemondo

MV Victoria inapong'oa nanga Kemondo kuelekea Mwanza, rafadha zake husukuma maji ya Ziwa Victoria nyuma, na maji hayo ni ya bure. Hayakupakiwa gatini wala hayahesabiwi katika shehena. Juu ya mapaa ya mji huohuo, madishi ya televisheni ya Azam yamelipa ziwa kisogo na kuelekea magharibi, kwenye nyuzi 7 mashariki, iliko setilaiti ya Eutelsat 7C. Setilaiti haina ziwa. Kila itakachosukuma nyuma ili isogee mbele ilikibeba yenyewe kutoka duniani. Kwa sababu hiyo nashikilia kwamba wanaoidharau injini ya umeme kwa uchache wa nguvu zake wanaipima kwa mizani isiyo yake.

Mizani iliyo halali ni kasi ya kinachotupwa. Injini ya kemikali hutupa gesi kwa takriban kilomita 3 kwa sekunde. Injini ya umeme huzipokonya elektroni atomi za gesi kama zenoni, zikawa ioni, kisha umeme wa paneli za jua ukazirusha kwa kilomita 15 au zaidi kwa sekunde. Tuchukue kazi moja tu. Mvuto wa Mwezi na Jua huipindisha njia ya setilaiti iliyo juu ya ikweta, na kuirekebisha kwahitaji badiliko la kasi la kama mita 50 kwa sekunde kila mwaka. Kwa miaka 15 ni mita 750. Ukikokotoa kwa mlinganyo wa roketi wa Tsiolkovsky, injini ya kemikali itakula karibu asilimia 22 ya uzito wote wa chombo. Ya umeme, yenye kasi ya kilomita 16, haifiki asilimia 5. Tofauti hiyo ndiyo nafasi ya vipitishi vya matangazo, au ya roketi ndogo na nafuu zaidi.

Pingamizi zito ni la muda. Eutelsat 7C ilirushwa Juni 2019, ikajipandisha kwa umeme, na kuanza kazi Januari 2020. Injini ya kemikali ingeifikisha kwa siku au majuma machache. Miezi hiyo ni mapato yaliyokosekana, tena chombo hupita polepole katika mikanda ya mnururisho inayochakaza paneli zake. Nakubali gharama hiyo, lakini hulipwa mara moja na hupangwa mapema, ilhali uzito uliookolewa hufaidiwa miaka yote ya huduma. Chombo cha Dawn cha Marekani kilisukumwa kwa kani isiyozidi uzito wa karatasi mbili mkononi, nacho kikaizunguka asteroidi Vesta kuanzia 2011, kikaondoka, kikaizunguka sayari kibete Ceres kuanzia 2015. Hakuna chombo kingine kilichowahi kuizunguka miili miwili ya mbali namna hiyo.

Kwamba injini hii haiwezi kuinua hata kilo moja kutoka ardhini ni kweli kabisa; roketi ya Ariane 5 ndiyo iliyoitoa 7C duniani. Wala sishauri itumike peke yake panapohitajika haraka, kama kumwokoa mwanaanga. Ila nchi yoyote ya Afrika Mashariki itakayoagiza setilaiti ya mawasiliano ianze kwa kuuliza ni kilo ngapi za chombo chake zitakuwa mafuta tu.