Sambaza na Dhana ya Nafasi Tupu Ziwani Kivu

Kati ya 1958 na 1960, wataalamu wa utawala wa Ubelgiji walisafirisha vifaranga vya dagaa wa aina mbili kutoka Ziwa Tanganyika na kuwaachilia katika Ziwa Kivu. Aina moja ilitoweka. Iliyostawi ni Limnothrissa miodon, ambaye wakazi wa miji ya Goma, Bukavu na Gisenyi humwita sambaza.

Hoja ya wataalamu hao ilijengwa juu ya jiografia. Volkano za Virunga zilipoziba njia ya maji ya kaskazini, Kivu ilianza kumwagikia Tanganyika kupitia mto Ruzizi, ambao maporomoko yake samaki hawayapandi. Hivyo ziwa lilibaki na spishi chache, nyingi za ukingoni, na katikati hapakuwa na samaki wa kula planktoni, yaani viumbe wadogo wanaoelea majini. Wataalamu wakaona nafasi tupu.

Nafasi hiyo ilikuwa na mwenyewe. Daphnia curvirostris, kiumbe mdogo wa jamii pana ya kamba na kaa, alikuwa akichuja mwani katika maji yale yale. Sambaza huwinda kwa macho, na windo kubwa ndilo linaloonekana kwanza. Daphnia akatoweka Kivu, wakabaki hasa kopepoda, jamaa zake wadogo zaidi, wasioweza kupunguza mwani kwa kiwango kile.

Mwaka 1986 Henri Dumont, mwanabiolojia Mbelgiji, alionya kwamba sambaza angemaliza planktoni na uvuvi wenyewe ungeanguka. Haukuanguka. Nadhani kosa la hoja yake lilikuwa kumwona mgeni kama mlaji asiye na breki. Kopepoda wa kitropiki huzaana mwaka mzima. Pepo za kiangazi huchanganya maji ya juu na kurudisha virutubisho. Na sambaza wakubwa hula hata watoto wao.

Hata hivyo, kudumu kwa uvuvi hakuwapi ushindi watetezi wa upandikizaji. Tani za samaki hupima ncha moja tu ya utando wa chakula. Mwani usioliwa hufa na kuzama, na Kivu, yenye kina cha takriban mita 485, haichanganyiki hadi chini. Kinachozama hufika kwenye tabaka zisizo na oksijeni, ambako vijidudu hushiriki kutengeneza methani ile ile ambayo Rwanda inaichoma kuzalisha umeme. Tena, mashapo ya sakafuni yanaonyesha kwamba utuaji wa kabonati ulianza ghafla miaka ya 1960, muda mfupi baada ya sambaza kuachiliwa. Kumtwisha sambaza mzigo wote huo itakuwa haraka mno: milima inayolizunguka ziwa ilizidi kulimwa na kukaliwa katika miongo hiyo hiyo, na rutuba ya udongo iliteremka na mvua. Ila kumwondoa kabisa kwenye orodha ya watuhumiwa, kwa kuwa tu anauzika sokoni, si sayansi.

Tangu 2006 kuna mgeni mwingine kutoka Tanganyika, Lamprichthys tanganicanus, naye akila planktoni. Safari hii anasemwa vibaya kwa sababu anamnyang'anya sambaza chakula, kana kwamba sambaza ndiye mwenyeji. Lawama hiyo inarudia kipimo cha 1958, yaani mavuno ya samaki mmoja. Swali lililostahili kuulizwa tangu enzi za Daphnia ni nani sasa anayekula mwani wa Kivu, na kwa kiasi gani.