Matandiko ya Vita na Njia ya Nyangwe

Miongoni mwa watu wapendao kukusanya zana za vita vya zamani, wako wale ambao hamu yao yote imeelekea kwenye matandiko ya askari wapanda farasi. Hao hutafuta kiunzi cha mti kilichovikwa ngozi, hatamu na lijamu, vikuku vya chuma vya kukanyagia na jalali yenye nembo ya kikosi. Na wakipata chombo, kabla ya kuuliza thamani yake, hutazama mhuri wa fundi na namba ya kikosi, maadamu hiyo ndiyo hati ya nasaba yake. Tandiko la McClellan, lililokubaliwa na jeshi la Marekani mwaka 1859, hutambulikana kwa mwanya mrefu uliopasua kikalio, na lile la Waingereza la mwaka 1912 lilipelekwa popote jeshi lao lilipopigana katika vita vya 1914. Walakini mkusanyaji atakayevuka Ziwa Tanganyika, akapita Kabambare na Kasongo hata akafika Nyangwe, ukingo wa kulia wa Lualaba, atakuta kwamba nchi hii, ijapokuwa iliona vita vikali, haikupiganiwa juu ya mgongo wa farasi.

Si kwamba waliofika huku hawakuwajua farasi. Waarabu wa Unguja walikuwa watu wa seruji na hatamu tangu Omani, na Sayyid Barghash, sultani wao, alimtunuku msafiri Stanley farasi wa Kiarabu mwaka 1871, naye mfanyabiashara wa Kimarekani akampa wa pili. Lakini wote wawili walikufa Kingaru, msafara ungali haujaiacha pwani mbali. Kwa ajili hiyo mnyama wa safari za bara akawa punda: ama punda wa mizigo aliyefungwa shogi mbavuni, ama punda wa Maskati, mrefu na mwepesi wa mwendo, ambaye tajiri alimpanda kwa fahari. Hata huyo punda alikuwa adimu kadiri msafara ulivyosogea magharibi, na Stanley, aliyefika Nyangwe mwezi Oktoba 1876 na kuondoka Novemba akifuatana na Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, aliandika kwamba punda wake wa kupanda walikuwa wa kwanza kuonekana katika Maniema, nchi ya Nyangwe, na kwamba sauti yao iliwashangaza wenyeji.

Adui wa farasi alikuwa mdudu mdogo, nao wasafiri walimjua kwa madhara yake kabla wataalamu hawajamjua kwa sababu zake. Livingstone, alipoanza safari yake ya mwisho mwaka 1866, alishusha Mikindani ngamia, nyati kutoka Bara Hindi, nyumbu na punda, akitaka kujaribu ni yupi awezaye kustahimili mbung'o. Lakini kwa wanyama hao kuumwa na mbung'o na kwa kutendewa vibaya njiani, jaribio lile halikumpa mnyama wa kutegemea, na alipoingia Nyangwe mwezi Machi 1871 alikuwa mtu wa miguu. Miaka ya 1894 na 1895 ndipo David Bruce, huko Zululand, alipodhihirisha kwamba mbung'o hupitisha vimelea katika damu ya mifugo. Baada yake akaja Joseph Everett Dutton wa Liverpool, aliyevitambua vimelea vya jamii hiyo katika damu ya mwanadamu, kisha yeye na mwenziwe Todd wakavikuta katika farasi wa Gambia. Elimu hiyo ikamleta Kongo kuchunguza malale, naye akafa Kasongo tarehe 27 Februari 1905, kwa homa ya papasi, ambayo nayo alikuwa akiichunguza. Hivyo ardhi ya Kasongo imemhifadhi mmoja wa watu waliofumbua fumbo la kufa kwa farasi.

Vita vilivyouangusha utawala wa Waungwana, yaani Waarabu na Waswahili wa pwani, katika Maniema vilikuwa, tangu mwanzo hata mwisho, vita vya miguu na mitumbwi. Sefu bin Hamed, mwana wa Tippu Tip, na Mwinyi Mohara wa Nyangwe walikuwa na maelfu ya watu wenye bunduki. Dhanis, kamanda wa Dola Huru ya Kongo, alikuwa na askari wachache wenye bunduki za Albini na jeshi kubwa la Gongo Lutete, aliyewaacha wakubwa wake wa zamani. Kilichomzuia Dhanis ni maji ya Lualaba, na kilichomvusha ni mitumbwi ya Wagenia, wavuvi wa mto huo. Nyangwe ikatekwa tarehe 4 Machi 1893, Kasongo tarehe 22 Aprili, na Kabambare mwezi Januari 1894. Daktari Hinde, aliyekuwa katika jeshi la Dhanis, alitaja katika mateka ya Kasongo takriban tani 25 za pembe, tani kumi na zaidi za baruti, na fataki za bunduki zisizohesabika, fauka ya magodoro ya hariri na vyombo vya fedha. Naye alikisia kuwa Nyangwe, iliyokuwa na watu wapatao 30,000, ilibaki nyumba moja kubwa iliyozungukwa na kambi ya askari.

Basi, ikiwa farasi hakuwapo, ni nani aliyeichukua baruti ile, na ni nani aliyezipeleka pembe zile pwani? Alikuwa mpagazi, aliyetwikwa frasila mbili juu ya ngata ya majani au ya nguo. Na Mzungu aliposhika nchi, alikaa katika tipoi, kiti kilichofungwa kwenye miti miwili na kuchukuliwa mabegani mwa watu, akapitishwa kijiji kwa kijiji. Hilo ndilo lililokuwa tandiko la Maniema, na mgongo wake ulikuwa wa binadamu.

Vita vya mwaka 1916 dhidi ya Wajerumani wa Afrika Mashariki vilithibitisha jambo hilo kwa gharama kubwa. Jemadari Van Deventer wa Afrika Kusini aliwaongoza wapanda farasi wake hadi Kondoa Irangi mwezi Aprili, na njia nzima ikatapakaa mizoga. Ilhali jeshi la Kongo ya Kibelgiji, lililoshika Tabora tarehe 19 Septemba, lilikwenda kwa miguu ya askari na mabega ya wapagazi. Jeshi la farasi liliacha nyuma yake ngozi na chuma, ambavyo leo husafishwa, hupakwa mafuta na kuorodheshwa. Jeshi la wapagazi liliacha ngata zilizotupwa kila jioni na makaburi yasiyo na jina.

Sina neno na wakusanyaji wa matandiko, kwani kazi yao imeokoa ujuzi wa mafundi wengi. Lakini nyumba ya makumbusho itakayotaka kueleza vita vya Afrika kwa insafu haina budi kuweka, kando ya seruji ya ofisa, tipoi na ngata na kipimo cha frasila mbili, na kuandika chini yake majina ya wapagazi popote yanapopatikana katika daftari za misafara na za serikali. Maana mwenye kuonyesha tandiko peke yake huwaaminisha watu kwamba vita hivi vilibebwa na wanyama.