Mnyoo-bapa wa ini la paka

Mnyoo-bapa wa ini la paka (Platynosomum illiciens, huitwa pia Platynosomum fastosum) ni kimelea anayeishi katika mirija ya nyongo na mfuko wa nyongo wa paka. Mwili wake ni bapa kama jani, wenye urefu wa milimita 4 hadi 8 hivi. Hupatikana katika nchi za joto, zikiwemo visiwa vya Karibi, Brazil, Malaysia, na katika Marekani majimbo ya Florida na Hawaii.

Mayai hutoka pamoja na kinyesi cha paka na kuliwa na konokono mdogo wa nchi kavu, Subulina octona. Lava wanaokua ndani ya konokono hutoka nje na kuliwa na wanyama wadogo wa jamii ya kaa wakaao chini ya magogo na majani makavu. Mjusi au chura hula wanyama hao, naye paka hula mjusi. Kutoka utumbo wa paka, lava hupanda kwa mrija wa nyongo hadi kwenye ini. Kwa hiyo paka hawaambukizani moja kwa moja, hata wakilia sahani moja. Huko Karibi ugonjwa huitwa "sumu ya mjusi", jina linalopotosha kidogo: mjusi hana sumu, bali amebeba lava tu.

Paka mwenye minyoo wachache huwa haonyeshi dalili yoyote. Wakiwa wengi, hukosa hamu ya kula, hukonda, hutapika, na macho na ufizi wake huwa wa manjano. Nyongo ikizibwa kabisa paka anaweza kufa.

Ugonjwa hutambuliwa kwa kutafuta mayai katika kinyesi kwa hadubini. Hapa pana mtego: mrija ukiziba kabisa, mayai hayawezi kushuka utumboni, na paka aliye mgonjwa kuliko wote huonekana hana minyoo. Ndiyo maana daktari wa mifugo huchunguza pia ini kwa ultrasaundi, au huvuta nyongo kidogo kwa sindano na kuipima.

Dawa inayotumika ni prazikwanteli, lakini kipimo cha kawaida cha kuua tegu hakitoshi. Kwa mnyoo huyu hutolewa kikubwa zaidi, kwa siku kadhaa mfululizo. Paka anayefungiwa ndani hupata ugonjwa huu mara chache, isipokuwa nyumba yenyewe ina mijusi.