Otto Pfister, Kocha Aliyeanzia Kigali

Alasiri ya tarehe 13 Juni 2006, katika uwanja wa Frankfurt, Mjerumani mwenye umri wa miaka 68 aliketi kwenye benchi la timu ya taifa ya Togo. Ilikuwa mechi ya kwanza ya Togo katika historia ya Kombe la Dunia. Siku nne kabla ya hapo Mjerumani huyo alikuwa amejiuzulu na kuondoka kambini. Wachezaji walikuwa wamegombana na viongozi wao juu ya posho, mazoezi yalivurugika, naye akatamka kwamba katika hali ile kazi haiwezekani. Alirejea siku moja tu kabla ya mchezo, baada ya wachezaji kumtaka arudi. Togo walitangulia kwa bao la Mohamed Kader, kisha wakafungwa na Korea ya Kusini mabao mawili kwa moja.

Jina la kocha huyo ni Otto Pfister. Wengi waliomtazama siku ile hawakujua kwamba kazi yake ya kufundisha timu za taifa barani Afrika ilianzia hapa Kigali, miaka 34 kabla.

Pfister alizaliwa mjini Cologne mwaka 1937. Baada ya kucheza na kufundisha katika vilabu vidogo vya Uswisi, alikuja Rwanda mwaka 1972. Nchi ilikuwa imetimiza miaka kumi ya uhuru. Shirikisho la kandanda, FERWAFA, ndilo kwanza lilikuwa likiundwa, na Rayon Sports ya Nyanza ilikuwa na umri wa miaka minne. Kigali yenyewe ulikuwa mji mdogo juu ya vilima. Mtu aliyetaka kujenga timu ya taifa katika mazingira hayo alikuwa hana budi kuanza na msingi, yaani kuwatafuta vijana, kuwafundisha, na kuwazoesha kucheza pamoja.

Lakini wasikilizaji, kocha huchagua wachezaji wake miongoni mwa wale waliopo. Mapema mwaka 1973 wanafunzi wa Kitutsi walifukuzwa katika shule za sekondari na katika Chuo Kikuu cha Butare, na watumishi wakafukuzwa makazini kwa orodha za majina zilizobandikwa ukutani. Maelfu wakavuka mipaka kuelekea Burundi, Uganda na Zaire, wakiwafuata wale waliokimbia tangu mwaka 1959. Tarehe 5 Julai mwaka huohuo Meja Jenerali Juvénal Habyarimana akaipindua serikali ya Grégoire Kayibanda, bali milango haikufunguliwa kwa wakimbizi. Hivyo basi, wakati mgeni yule akitafuta vijana wa kuunda timu ya Wanyarwanda wote, watawala walikuwa wamekwisha kuamua ni Wanyarwanda gani watakuwapo na ni wapi ambao watoto wao watakulia Kampala, Bujumbura na Bukavu. Hilo halikuwa kosa la kocha, wala halikuwa ndani ya uwezo wake.

Pfister aliondoka mwaka 1976. Ndio mwaka ambao Rwanda iliingia katika mashindano ya kimataifa huko Libreville, nchini Gabon.

Kutoka hapa alikwenda Volta ya Juu, nchi ambayo leo huitwa Burkina Faso, halafu Senegal, Kodivaa na Zaire. Ni miaka mingi ya safari, na katika sehemu nyingi hakukaa zaidi ya miaka mitatu au minne. Kocha wa timu ya taifa katika bara letu amezoea kufunga mizigo yake kabla mche aliopanda haujazaa.

Ghana ilikuwa tofauti kidogo, na hapo ndipo sifa zake kubwa zilipopatikana. Aliingia mwaka 1989 na kukabidhiwa vijana pamoja na wakubwa. Mwezi Agosti 1991, mjini Florence, vijana wa Ghana wenye umri chini ya miaka 17 waliifunga Hispania bao moja kwa bila na kutwaa ubingwa wa dunia. Nii Lamptey alichaguliwa kuwa mchezaji bora wa mashindano. Miezi michache baadaye, Januari 1992, timu ya wakubwa ilifika fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika mjini Dakar. Nahodha Abedi Pele alikuwa amefungiwa kwa sababu ya kadi. Dakika 120 zikapita pasipo bao, na ikabidi kupiga mikwaju ya penalti hadi Kodivaa wakashinda 11 kwa 10. Mwaka huohuo, chini ya kocha Mghana Sam Arday, Ghana ilipata medali ya shaba katika Olimpiki ya Barcelona, ya kwanza kwa Afrika katika kandanda, na ndani ya kikosi hicho walikuwamo vijana wa Florence kama Lamptey na Samuel Kuffour. Yaani safari hii mche ulizaa, na aliyechuma alikuwa mwalimu mwenyeji. Jambo hilo lingefaa litokee mara nyingi zaidi.

Baada ya Ghana alikwenda Bangladesh, akaipatia nchi hiyo kombe lake la kwanza la kimataifa huko Myanmar mwaka 1995. Alikwenda Saudi Arabia, ikafuzu kwenda Ufaransa kwa Kombe la Dunia la 1998, ingawa waliokwenda Ufaransa walikwenda na kocha mwingine. Alichukua ubingwa wa Misri na Zamalek mwaka 2001. Kisha ikaja Togo.

Togo ilifuzu ikiwa chini ya Stephen Keshi wa Nigeria. Baada ya kushindwa mechi zote tatu katika Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Misri, Keshi aliondolewa na Pfister akaitwa mwezi Februari 2006. Alipewa miezi minne. Ugomvi wa posho haukuanza naye. Wachezaji walikuwa na madai, viongozi walikuwa na ahadi, na kati yao hapakuwa na imani. Kocha alikuwa kama kamanda ambaye hana ufunguo wa ghala wala wa hazina: anaamrisha kikosi, lakini chakula na mshahara wa kikosi viko mikononi mwa mtu mwingine aliye mbali. Kabla ya mechi ya pili dhidi ya Uswisi mjini Dortmund, wachezaji walitishia kutoingia uwanjani kabisa, hata FIFA ikalazimika kuingilia kati. Waliingia, wakafungwa mbili kwa bila. Mechi ya mwisho, tarehe 23 Juni, walifungwa na Ufaransa mabao mawili mengine mjini Cologne, mji aliozaliwa Pfister. Baadaye chama cha kandanda cha Togo kilitozwa faini ya faranga 100,000 za Uswisi.

Kuhusu kitendo cha Pfister cha kuondoka kambini, maoni ni mawili. Wako wanaosema aliwaunga mkono watu wake. Kwa upande mwingine, askari anajua kuacha kituo siku nne kabla ya mapambano kunaitwaje, na sababu nzuri haiwapunguzii mzigo waliobaki. Lililo dhahiri ni kwamba alirudi, na kwamba walioomba arudi ni wale waliokuwa chini yake.

Mwaka 2008 aliifikisha Kamerun fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Ghana, akiwatoa wenyeji, Waghana wenyewe, katika nusu fainali. Wakafungwa na Misri bao moja. Mwaka uliofuata alijiuzulu kwa kutoelewana na wakubwa juu ya wasaidizi aliochaguliwa. Wakubwa walewale, ugomvi uleule, nchi nyingine.

Kigali nayo ilimpokea Mjerumani mwingine msafiri. Rudi Gutendorf, aliyezaliwa Koblenz mwaka 1926 na kufundisha mataifa mengi kupita kocha yeyote, alifika mwaka 1999, miaka mitano baada ya Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi. Uwanja wa Amahoro ulikuwa bado unakumbukwa kama mahali ambapo maelfu walijihifadhi mwaka 1994. Gutendorf alikuta jambo ambalo Pfister hakulipata: waliokulia nchini na waliorudi kutoka uhamishoni wakivaa jezi moja. Mwezi Aprili 2000 Amavubi walitoka sare ya mbili kwa mbili na Kodivaa hapa Kigali, kabla ya kufungwa mbili kwa bila mjini Abidjan. Mzee yule, aliyefariki mwaka 2019, aliihesabu kazi ya Rwanda miongoni mwa zile alizojivunia zaidi. Miaka minne baada ya sare ile, chini ya Ratomir Dujković kutoka Serbia, Rwanda ilicheza Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Tunisia, na huko ikaifunga Kongo bao moja kwa bila.

Pfister mwenyewe aliendelea. Mwezi Machi 2017, akiwa na umri wa miaka 79, alikubali kuifundisha Afghanistan. Wachezaji wengi wa timu hiyo walikuwa watoto wa wakimbizi, waliokulia Ujerumani, Uholanzi na kwingineko Ulaya. Walikutana uwanjani wakiwa na lugha tofauti na bendera moja. Mechi zao za nyumbani zilichezwa Dushanbe, nchini Tajikistan.