Mti Uliobaki Bustanini Tu

Ndugu msomaji, kabla hujaniuliza kijana wa kidato cha nne anatafuta nini kwenye historia ya miti ya Marekani, ngoja nikueleze nilivyofika huko.

Mimi nimekulia Mufindi. Mama yangu alikuwa mchuma chai. Wengi mnaokunywa chai kila asubuhi hamjawahi kuliona ua lake, na si kosa lenu. Shambani chai hukatwa na kuchumwa kila mara, haipewi nafasi ya kuchanua. Lakini pembezoni, kwenye miti iliyosahauliwa, ua lipo: dogo, jeupe, katikati lina nyuzinyuzi nyingi za njano. Tukiwa watoto tulikuwa tunayachuma na kuyanusa.

Basi siku moja hapa Dar es Salaam niliingia maktaba kujikinga na mvua. Nikafungua kitabu cha mimea, nikakuta picha ya ua lile lile, ila kubwa kama mdomo wa kikombe. Nikajisemea, hili si la chai? Kumbe ni ndugu yake. Mti wenyewe unaitwa Franklinia, wa ukoo mmoja na chai, na kama chai unapenda udongo wenye tindikali na unyevu. Ila sentensi moja ikanikalisha chini: tangu 1803 hakuna aliyeuona mti huu porini.

Mvua ilikatika, mimi bado nasoma.

Mambo yalianza na mkulima aliyeitwa John Bartram. Alizaliwa 1699 karibu na Philadelphia, wakati Pennsylvania ikiwa koloni la Waingereza. Shule aliipata kidogo tu, mengi alijifundisha mwenyewe. Mwaka 1728 alinunua shamba kando ya mto Schuylkill, akaanza kupanda humo mimea migeni aliyoikuta safarini. Mfanyabiashara wa London, Peter Collinson, akawa rafiki yake wa barua na kumtafutia wateja. Masanduku ya mbegu za Bartram yakawa yanavuka bahari mwaka hadi mwaka, sanduku moja gini tano. Mwaka 1765 Mfalme George wa Tatu akamfanya mtaalamu wake wa mimea, kwa malipo ya paundi 50 kwa mwaka.

Mwaka huo huo mzee akafunga safari ya kusini pamoja na mwanawe William. Huyu William ndiye aliyenigusa. Alikuwa na miaka 26 na mambo hayamwendei. Biashara ilikuwa imemshinda. Mwaka uliofuata alijaribu kilimo huko Florida, kwa jasho la watumwa walionunuliwa na baba yake, nacho kikamshinda. Hilo la watumwa nalisema wazi, maana uzuri wa ua usitufanye tufumbe macho. Alichoweza William ni kuchora ndege na maua, na baba yake akahangaika: mtoto huyu ataishije kwa kuchora? Nyie mnaoandika riwaya swali hilo mnalijua. Mmeshaulizwa nyumbani kwenu.

Oktoba 1765, karibu na mto Altamaha huko Georgia, baba na mwana walikuta vichaka wasivyovijua. Mzee akaandika habari zake kwenye shajara, wakaendelea na safari. William hakuvisahau. Kati ya 1773 na 1777 alizunguka tena kusini, akifadhiliwa na daktari wa London aliyeitwa John Fothergill, akaikuta miti ile imechanua. Mbegu zake zikafika kwenye bustani ya nyumbani. Mzee John alifariki Septemba 1777, na miche ya bustanini ilitoa maua yeye akiwa ameshazikwa.

Mti wakaupa jina la rafiki wa familia, Benjamin Franklin, na jina la pili la mto ule. Lilichapishwa 1785 na Humphry Marshall, binamu yake John. Mwaka 1791 William naye akatoa kitabu cha safari zake. Washairi wa Uingereza, Coleridge na Wordsworth, walikisoma na kuchota humo. Yule yule aliyeshindwa na biashara, jamani!

Kule porini mambo yakaharibika. Miti ile ilikuwa michache tangu mwanzo, tena sehemu moja tu. Mkusanya mimea John Lyon aliiona 1803, na baada yake watu wametafuta wasiikute. Wataalamu wanabishana kuhusu sababu: wapo wanaotaja mafuriko, wapo wanaotaja moto, wapo wanaotaja ugonjwa wa mizizi ulioletwa na kilimo cha pamba. Lakini miti iliyopo leo, iwe Philadelphia au Uingereza, chimbuko lake ni mbegu za akina Bartram. Kama William angesema nitazichukua mwakani, leo tungekuwa na jina kwenye karatasi tu.

Wala si mti wa kuupanda ukaenda zako. Unataka udongo wenye tindikali, wenye mboji, unaoshika unyevu lakini hautuamishi maji. Maji yakituama, vimelea huozesha mizizi yake, na mti mzima hufa ghafla. Haupendi kuhamishwa, kwa hiyo chagua mahali pake mara moja. Chini yake hutandazwa majani makavu ili udongo usikauke. Tunda lake huchukua zaidi ya mwaka mzima kukomaa, na mbegu zikikauka sana haziwezi kuota vizuri. Ukivumilia yote hayo, mwishoni mwa majira ya joto, miti mingine ikiwa imeshamaliza, wenyewe ndiyo kwanza unachanua na kunukia. Kisha majani yanageuka mekundu na kupukutika.

Niliposoma hapo nilimkumbuka mama. Alikuwa akisema chai inapenda kunywa, haipendi kulala kwenye maji.

Sasa nikuambie kwa nini habari hii iliniuma. Miaka miwili kabla ya siku ile ya mvua niliandika riwaya. Niliiandika kwa mkono, kaunta buku tatu zikajaa. Nikaipeleka kwa mchapishaji mmoja, sitamtaja. Nikaambiwa nisubiri. Nilisubiri miezi saba, kisha nikaenda kuuliza.

"Mdogo wangu, tulihama ofisi," dada wa mapokezi akaniambia. "Vitu vingi havionekani."

"Sasa dada, mimi sina nakala nyingine."

"Hukutoa hata fotokopi?"

Nikanyamaza. Hela ya fotokopi nilikuwa nayo, bwana. Nilinunulia viatu, ili nikaonekane mwandishi siku ya kupeleka.

Nilikaa karibu mwaka mzima bila kushika kalamu. Nilijua nilichoandika, lakini sentensi zenyewe zilikuwa zimeondoka. Kilichobaki ni sura mbili, na hizo hazikuokolewa na mimi. Kuna dada mtaani kwetu alikuwa ameazima kaunta buku ya kwanza, akazipenda sura hizo, akazinakili kwenye daftari lake ili awe anazisoma. Hakujua anaokoa kitu. Nilipotoka maktaba jioni ile, nilipitia kwao kuomba daftari.

Ndugu mwandishi mwenzangu, sikuja hapa kukuhubiria. Nimesema tu nilichojifunza kwenye mti wa watu. Tunadhani kitu kizuri kitakuwepo pale pale tulipokiona, kinatusubiri. Mto Altamaha upo mpaka leo, unatiririka kama zamani, na ile miti haipo. Iliyopo ni ile ambayo mtu aliinama, akachukua mbegu, akapanda kwake, kisha akawagawia wengine. Na hilo la kugawa lina uzito wake, maana bustani moja nayo inaweza kuungua.

Kwa hiyo nimeanza upya, kutoka kwenye zile sura mbili. Haitakuwa riwaya ile ile, nimeshakubali. Sura ya tatu nimeimaliza juzi. Nakala moja iko kwa yule dada, nyingine nimempelekea mama Mufindi. Mama si msomaji wa riwaya, lakini ameniambia ameiweka kwenye sanduku la kanga, na humo panya hawafiki.