Paa Moja la Tunduma na Nyumba Tatu za Wataalamu Wetu

Tarehe 31 Oktoba 1963 Rais John Kennedy wa Marekani, ambaye dada yake Rosemary alikuwa na ulemavu wa akili, alitia saini sheria ya kugharamia vituo vya utafiti na mafunzo kuhusu ulemavu huo. Katika vituo hivyo, vilivyoambatana na vyuo vikuu, ulikua utaratibu wa kuwafunza pamoja watu ambao tayari wana shahada: daktari wa watoto, mwanasaikolojia, muuguzi, mtaalamu wa matamshi, afisa ustawi wa jamii, hata mzazi wa mtoto mwenye ulemavu. Hukaa darasa moja, humchunguza mtoto mmoja, hubishana. Kinachotafutwa ni uongozi, yaani mtu awezaye kusimamia huduma ya eneo zima na kuandika sera yake.

Mwaka huohuo Kanisa Katoliki lilifungua shule ya viziwi Tabora. Miaka 13 kabla yake Waanglikana walikwisha kufungua shule ya wasioona Buigiri, Dodoma. Ndivyo tulivyoanza: macho kwanza, kisha masikio, na kwa mikono ya makanisa. Mtoto ambaye ubongo wake umekua kwa namna tofauti alisubiri zaidi, nami naamini lugha ilichangia. Huyu aliitwa zezeta au taahira, majina yatoshayo kumfungia mtoto chumbani. Neno usonji limewafikia wengi wetu juzijuzi tu. Joseph Kisanji, msomi wetu aliyefundisha Chuo Kikuu cha Manchester, alichapisha mwaka 1995 makala juu ya utamaduni na ulemavu nchini Tanzania. Tangu hapo hatuna udhuru wa kuliona suala la maneno kuwa dogo.

Taifa lilipoanza kufunza wataalamu wake, liliwajengea nyumba tatu. Daktari alisomea Dar es Salaam, katika shule ya udaktari iliyofunguliwa, kwa sadfa, mwaka uleule wa 1963. Afisa ustawi wa jamii alikwenda katika taasisi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, nayo Dar es Salaam. Mwalimu wa elimu maalumu alikwenda Patandi, Arusha. Kila mmoja alirudi na msamiati wake, wizara yake na jalada lake. Sisemi kwamba walifunzwa vibaya. Nasema walifunzwa mbalimbali, kisha tukawashangaa kwa kutozungumza.

Jaribio lililovutia zaidi lilitoka milima ya Usambara. Huko Lutindi wamisionari wa Kijerumani walianza kutunza wagonjwa wa akili mwanzoni mwa karne ya 20. Irente, karibu na Lushoto, Dayosisi ya Kaskazini Mashariki ya KKKT ikawa na shule ya watoto wenye ulemavu wa akili na usonji. Mwaka 2007 dayosisi hiyohiyo ikafungua chuo chenye jina la Askofu Sebastian Kolowa, na elimu maalumu ikawa nguzo ya masomo yake. Baadaye chuo hicho kilifungwa. Ninaihesabu hasara hiyo kuwa ya nchi nzima, maana shule ya watoto na darasa la shahada vilikuwa chini ya dayosisi moja.

Vyote hivyo viko mbali na Songwe, mkoa uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Chukua kifafa. Wilayani Mbozi watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na wenzao wamechunguza kwa miaka mingi tegu wa nguruwe. Alaye nyama isiyoiva huweza kupata tegu tumboni. Mayai yatokayo na kinyesi chake yakimfikia mwingine kwa maji au mikono michafu, hata kama huyo hajaonja nguruwe maishani, huweza kujenga vifuko ubongoni, na kifafa kikafuata. Sasa mfikirie mtoto wa darasa la tatu anayeanguka darasani. Mwalimu anaona masomo yanayopotea, tabibu anaona dawa, afisa mifugo anaona banda lisilokuwapo, bwana afya anaona choo, afisa ustawi anaona mzazi asiye na nauli. Kila mmoja ameona sawasawa, na mtoto bado anaanguka. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 imetaka ziwepo kamati hadi ngazi ya kijiji na mtaa. Lakini ni nani amefunzwa kukaa mbele ya kamati ya namna hiyo na kuamua waanzie wapi?

Mwezi Oktoba 2019 Rais Magufuli na Rais Lungu walizindua kituo cha pamoja cha mpakani kati ya Tunduma na Nakonde. Maafisa wa forodha na uhamiaji wa nchi mbili, wenye sheria tofauti, wakawekwa pamoja ili lori lisikaguliwe mara mbili. Tuliyaweza hayo kwa ajili ya shaba na mafuta. Masomo ya uzamili ya pamoja yangeweza kuanzia Mbeya, penye hospitali ya rufaa ya kanda, na mazoezi yakafanyika Vwawa, Ileje na Tunduma, ambako Kinyamwanga husemwa pande zote mbili za mpaka. Mtihani wao wa kwanza uwe jalada moja la mtoto mmoja, lenye saini zao wote.