Masasi: Kanisa Lililoanzishwa na Waliouzwa

Ruangwa na Nachingwea leo zinatajwa sana kwa madini: kinywe, dhahabu, nikeli. Lakini mtu akitoka Nandagala, wilayani Ruangwa, akashuka kusini mpaka Masasi, atafika mahali ambapo waliokuwa watumwa walijenga moja ya makanisa ya mwanzo kabisa ya bara ya kusini.

Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa UMCA, misheni ya Kianglikana, alitoka Unguja na watu zaidi ya 50 waliokombolewa utumwani, wanaume kwa wanawake. Soko la watumwa la Unguja lilikuwa limefungwa mwaka 1873. Wengi wa watu hao walizaliwa huku bara, wakapelekwa pwani kwa nguvu. Walishuka Lindi, wakapanda bara kwa miguu. Steere alikusudia kufika Ziwa Nyasa, lakini walipofika kwenye majabali ya Masasi, wenzake waliona wamefika kwao. Akakubali wakae, akamwacha mmisionari William Percival Johnson awe nao.

Wakafyeka mapori, wakalima, wakajenga kijiji na mahali pa kusali. Mwaka 1882 Wangoni, ambao wenyeji waliwaita Magwangwara, wakakivamia. Nyumba zilichomwa, watu wakauawa, wengine wakatekwa: waliokwisha kuonja uhuru wakarudishwa kifungoni. Mmisionari Chauncy Maples akahamishia kituo Newala. Baadaye Masasi ilifufuliwa, ikaharibiwa tena wakati wa Vita vya Maji Maji mwaka 1905, na bado ikasimama.

Mwingine aliyekombolewa utumwani alikuwa Cecil Majaliwa, Myao aliyeuzwa utotoni. Alisoma Unguja na Uingereza, na mwaka 1890 akawa Mwafrika wa kwanza kupewa upadri katika misheni hiyo. Katika kituo cha Chitangali alihubiri kwa lugha ya watu wake, akifahamu mila zao kwa namna ambayo mgeni hakuiweza.

Padri Vincent Lucas alijifunza kutokana na ukweli huo. Badala ya kuwakataza Wakristo jando, aliliingiza ndani ya maisha ya kanisa. Dayosisi ya Masasi ilipoundwa mwaka 1926, akawa askofu wake wa kwanza.

Historia ya Masasi huanza kusimuliwa kwa majina ya maaskofu. Haki ni kuanza na waliofyeka, waliolima na waliojenga upya baada ya moto. Steere aliongoza msafara, lakini wao ndio waliochagua mahali, na wao ndio waanzilishi. Watoto wa shule za Ruangwa na Nachingwea wafundishwe hivyo.